Simu Kutoka Kisiwani

Wiki iliyopita binti yangu alikanda unga wa maandazi jioni, akausahau mezani. Asubuhi nilipofungua mlango wa jikoni, harufu ya hamira iliyochacha ikanipokea, na nikasimama pale nimesahau nilichokuwa nafuata. Kwangu mimi harufu ile ni mama. Si mama wa sasa, mwenye miwani na magoti yanayomsumbua, bali mama wa wakati ule alipokuwa mpishi kwenye boti ya matanga, katikati ya bahari ambayo mimi sijaiona mpaka leo.

Najua nikisema hivyo watu wanadhani natunga. Mtu wa Mpanda, tena mzaliwa wa Katumba, makazi ya wakimbizi, aliyekulia kwenye mashamba ya mihogo na tumbaku ya wazazi waliotoka Burundi, alifuata nini baharini? Alipelekwa na mkate. Mama alipika kwenye kambi ya watalii huko mbugani, na alikuwa anajua kuoka mkate ndani ya sufuria iliyofukiwa kwenye makaa, ukatoka umeumuka vizuri kama wa dukani. Siku moja wakafika pale wazee wawili, mume na mke, Wazungu walioishi Tanga miaka mingi na kusema Kiswahili cha kueleweka. Walikuwa na boti yao ya matanga. Wakala ule mkate, kesho yake wakala tena, kisha wakamwuliza kama anaweza kuuoka juu ya maji. Mama akawajibu kwamba mkate haujui uko wapi.

Wakati huo ndio watu wa Katumba walikuwa wameanza kupewa uraia, na mama alikuwa wa kwanza katika ukoo wao kushika pasi ya kusafiria. Nadhani nusu ya safari ile ilikuwa ni hamu ya kuitumia. Alianza na safari fupi, akarudi na vitambaa na hadithi. Halafu ikaja ile ndefu.

Tuliishi Misunkumilo, hapo hapo Mpanda. Baba aliendesha mashine ya kusaga kule Majengo, na kila jioni alirudi mweupe kuanzia nyusi hadi kandambili, mimi na mdogo wangu Dezire tukigombania kumpangusa. Dezi, ndivyo tulivyomwita, alikuwa na miaka minne, mwenye kitovu kikubwa na haraka ya kwenda kila mahali. Mama alipokuwa safarini tulilelewa na Shangazi Veridiana, dada yake baba, mwanamke wa maneno machache ambaye aliweza kukuadhibu kwa kukutazama tu.

Usiku wa kuamkia safari ile mama alipiga simu. Nyie mliokua wakati mmoja na mimi mnaikumbuka nyumba yenye simu moja, ile ndogo yenye tochi, na jinsi ilivyowekwa katikati ya meza ikifunguliwa sauti ili wote wasikie. Mama akasema, "Kesho tunaondoka. Huko katikati hakuna mtandao kabisa. Mkiona kimya, msiwaze mabaya. Nikikanyaga nchi kavu tu, nawapigia."

Bahari niliyoijua mimi ilikuwa bwawa la Milala. Nilikuwa nimeona viboko wake wakitoa masikio, nikawa nimeona pia kwamba ukisimama upande huu unaona miti ya upande ule. Kwa hiyo sikuona shida yoyote. Mama alikuwa amekwenda upande ule. Tukienda Milala na Dezi tulisimama kwenye nyasi tukapunga mikono, na Dezi aliapa kwamba amemwona akipunga pia.

Mpunga ulipoanza kukomaa, nikapelekwa kama kila mwaka Kasansa, kijijini kwa bibi, mama yake baba, kufukuza ndege shambani. Dezi alibaki kwa sababu alikuwa mdogo na angewafukuza ndege kwa siku moja tu kisha achoke. Nilikaa huko nikipiga debe na kupaza sauti toka alfajiri. Kuna siku bibi alifunga mzigo ghafla akaenda mjini, akaniacha kwa jirani. Akarudi baada ya siku chache. Alinipikia wali na maziwa ya mgando, chakula cha mgeni, akakaa ananitazama nikila. Nikadhani ni kwa sababu nimefanya kazi vizuri.

Niliporudishwa Misunkumilo, ua wetu ulikuwa umekanyagwa na miguu mingi. Kulikuwa na majivu mahali ambapo hatukuwa na desturi ya kuwasha moto, na sahani za majirani zilikuwa zimepangwa ukutani zikisubiri kurudishwa, kila moja na alama yake ya rangi. Ndani, kigodoro cha Dezi hakikuwepo. Nikamwuliza shangazi Dezi yuko wapi.

"Dezi ametangulia," akasema.

"Ametangulia wapi?"

"Mbele. Na sisi wote tutaenda." Kisha akageukia jiko akaanza kupuliza moto ambao ulikuwa tayari unawaka.

Neno lile nyumbani kwetu lilikuwa na maana moja tu. Jumapili shangazi alipochelewa kufunga kitambaa cha kichwa, alituambia, "Tangulieni, nakuja," na Dezi angetoka mbio mbele yangu kuelekea kanisani. Kutangulia ilikuwa kazi yake. Na katika dunia yangu yote kulikuwa na mtu mmoja tu aliyekuwa huko mbele. Ikawa wazi kabisa kwangu: Dezi amepelekwa kwa mama. Wamempeleka nikiwa Kasansa na debe langu, napigia kelele ndege wa watu.

Nikikumbuka siku zile, ninachokumbuka zaidi ni wivu. Sikulia, kwa sababu nilijiambia nikilia wataniona mbaya na wala hawatanipeleka kamwe. Nilifagia ua bila kutumwa. Baba alirudi kutoka mashineni, akakaa kwenye kiti na unga wake, hakuoga. Nilimpangusa peke yangu nyusi zote mbili.

"Baba, Dezi alipanda basi gani?"

Alinitazama kwa muda mrefu kama mtu aliyeulizwa kwa lugha nyingine. "Kula, mwanangu," akasema. Chakula kilikuwa bado hakijaiva.

Niliwasikia wakiongea yeye na shangazi uani. Shangazi akasema, "Akipiga, utamwambiaje?" Baba akasema, "Nitamwambia tu." Shangazi akasema, "Uhakikishe kwanza hayuko peke yake. Mtu haambiwi jambo kama hilo akiwa peke yake." Hata hapo sikushtuka. Niliona wanapanga zamu yangu.

Simu ilikuja mchana, baba akiwa amerudi kula. Alipoona namba ndefu yenye tarakimu za kigeni, aliiweka mezani kama kawaida, akafungua sauti, akakaa. Sauti ya mama ikajaa chumba. Alikuwa anacheka. Alisema wamefika asubuhi hiyo, wameona kisiwa kuanzia alfajiri kama wingu lililokataa kuondoka, na maofisa wa bandari wamepanda kukagua pasi, na yake ndiyo iliyotazamwa kwa muda mrefu kuliko zote. Baba alikuwa anasema, "Ehee." Kila mama alipopumua, baba alisema, "Ehee."

"Mbona sauti yako hivyo?" mama akauliza.

"Mafua."

"Pole. Kunywa maji ya moto. Goreti karudi kutoka Kasansa?"

"Karudi."

"Basi nipe niongee naye."

Baba alikuwa amefungua mdomo. Nilimwona. Shangazi alikuwa amesimama mlangoni na mkono wake ukutani. Nikainama juu ya meza, karibu na simu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Tumefika, tuko kisiwani tunapumzika. Yaani huku tunatembea kama walevi, ardhi tunaiona inayumba, kumbe ni miguu yetu imezoea maji. Tumeoga maji yasiyo na chumvi, kila mtu ndoo nzima. Saa hizi nimekaa kwenye ukuta wa bandarini nakula papai. Haji huyu hapa anakusalimia."

Sauti ya mwanaume ikasema kwa mbali, "Hujambo, bibie?" Huyo alikuwa baharia wao, mtu wa Pemba, ambaye mama alikuwa akitusimulia habari zake.

"Na Dezi je?" mama akasema. "Amejificha wapi? Mwite aje."

Nilidhani ananitania. "Kwani hajafika huko?"

"Nani?"

"Dezi. Si alitangulia? Shangazi kasema ametangulia."

Kwenye simu kukawa na upepo. Kwa mbali jogoo akawika, nikafurahi kujua kwamba na huko kuna kuku.

"Sema tena, Goreti," mama akasema. "Polepole."

Nikasema tena, polepole, vile tulivyofundishwa kusema sala. "Dezi ametangulia. Mimi nilikuwa Kasansa, sikumwona akiondoka."

Baba akaichukua simu akatoka nayo nyuma ya nyumba. Shangazi akanivuta akanifunika uso na kitenge chake kilichonuka moshi, na nilipomwuliza kama salio limeisha, akasema ndiyo, limeisha.

Yaliyotokea upande wa pili wa simu niliyajua nikiwa mtu mzima, nikiwa na mtoto wangu mwenyewe. Mama alinisimulia tukiwa tunachambua mchele, bila kuinua macho kutoka kwenye ungo, kana kwamba anamzungumzia mwanamke mwingine aliyewahi kusafiri naye.

Baba hakusema mengi nyuma ya nyumba. Alisema homa ilipanda, akasema hospitali, akasema walifanya walichoweza. Kisha simu ikakatika yenyewe. Mama akairudisha mfukoni akaendelea kula papai.

"Nililimaliza lote," akaniambia. "Haji akaniuliza, 'Kwema nyumbani?' Nikamjibu, 'Kwema.' Nikanawa mikono."

Wenzake walikuwa wametawanyika kisiwani kama watoto waliofunguliwa shule. Kapteni, yule mzee mwenye boti, alikwenda kutafuta mtu wa kumsaidia kushona tanga lililochanika. Mkewe alikwenda sokoni akarudi na mboga mbichi, akazinusa kabla ya kuzishusha. Mama alipanda botini, akatandua mashuka ya vitanda vyote, akayafua. Akayaanika kwenye kamba kutoka mbele hadi nyuma. Yalipokauka, akayaanua akayafua tena. Mara ya tatu mke wa kapteni akamshika mikono ikiwa ndani ya beseni, akamwuliza kuna nini, na mama akamwambia kwa sauti ileile ambayo angeitumia kumwambia chumvi imekwisha.

Walikaa pale siku nyingi kuliko walivyopanga. Watu wa boti hawakujua wamfanyeje. Kwa wiki nyingi walikuwa wamelala, wamekula na kutapika pamoja, sasa wakawa wanagonga mlango wa jiko kabla ya kuingia. Walimkataza kupika. Kapteni, ambaye mama anasema hakuwa anajua kuchemsha yai, alimpikia supu ya samaki, na wote wakakaa kulitazama bakuli lake. Aliila. Hakusikia ladha yake, wala ladha ya chochote, kwa muda mrefu baada ya hapo.

Ndipo Haji alipokwenda kanisani. Yeye ni Mwislamu, lakini alimtafuta padri wa kisiwa kile, na kwa maneno machache ya Kifaransa aliyookota bandarini akamweleza kwamba mpishi wao amefiwa na mtoto, akamtajia jina. Jumapili mama akapelekwa misa. Hakuelewa neno hata moja, mpaka katikati padri akasema Dezire. Alilisema vizuri, kama lilivyotakiwa kusemwa, na kina mama wote kanisani wakalirudia, kwa sababu kumbe huko ni jina la kawaida, kila familia ina Dezire wake. Nyumbani Mpanda watu walikuwa wakituuliza jina gani hilo, la mvulana au la msichana. Kule hakuna aliyeuliza.

"Nililia?" mama akasema, kana kwamba mimi ndiye niliyeuliza. "Sikulia. Lakini nilisikia miguu yangu. Nikajua kwamba nimesimama."

Kisha akaniambia jambo ambalo sikulitegemea. Tanga liliposhonwa, kapteni alimwambia kwamba wanaendelea na safari. Akitaka ndege, atamtafutia ndege. Akitaka kubaki nao, nafasi yake ipo. Mama akamwambia anaendelea.

"Ulitaka kuendelea?" nikamwuliza.

"Nilitaka." Alipepeta ungo mara mbili. "Kulikuwa na siku moja katikati ya safari, upepo ulikata kabisa, bahari ikalala kama bati. Tukashuka kuogelea. Mimi sijui kuogelea, wakanifunga kamba kiunoni, nikawa naelea pale, Haji ananicheka, na mimi nacheka mpaka nameza maji. Baadaye nilipiga hesabu. Ilikuwa siku ile ile ya Dezi. Sasa nilikuwa nafikiri, kule majini sikuwa najua. Nikirudi majini labda nitarudi kwenye kutojua."

Aliyembadilisha mawazo ni Haji, ambaye mama alikuwa amemsimulia nilichosema kwenye simu, na hakumhubiria. Alikuwa ameketi juu ya tanga lililokunjwa, anakaza mishono ya mwisho, mama akipanga makopo ya chakula kwa ajili ya safari.

"Dada'angu," Haji akamwambia, "yule mtoto wa kwenye simu, yupo aliyemwambia?"

"Amwambie nini?"

"Kwamba nduguye hayuko njiani."

Mama akaendelea kupanga makopo. Akayamaliza, akafunga kabati, akaenda kumwambia kapteni amtafutie ndege.

Alirudi Mpanda kwa treni ya kutoka Tabora, asubuhi. Baba alinishika mkono stesheni katikati ya watu waliokuwa wakishusha magunia na kuku. Nilikuwa nimevaa gauni la kanisani na nilikuwa nimejiandaa kumsamehe Dezi. Mama akashuka. Alikuwa mweusi zaidi, amekonda, midomo imepasuka kwa jua, na alikuwa na begi moja. Baba akamwendea wakasimama karibu karibu bila kushikana. Mimi niliwapita. Nilikwenda hadi mlango wa behewa nikachungulia ndani, nikaona mzee anayefunga kamba za viatu vyake na viti vitupu. Nikachungulia mlango wa pili.

Mama alinikuta pale. Alichuchumaa mbele yangu, watu wakitupita na mizigo.

"Unamtafuta Dezi?"

"Eeh."

"Dezi amekufa," akasema.

Alitumia neno hilo. Hakusema ametutoka, hakusema amelala, wala yale mengine niliyosikia baadaye kutoka kwa watu wazima. Alisema amekufa, neno tulilolitumia kwa kuku na mbwa wa jirani, na kwa hiyo nililielewa. "Aliumwa, akafa, wakamzika. Hakuja kwangu. Hakwenda popote. Mimi sikuwepo na wewe hukuwepo."

Nilimwuliza kama tutapanda pikipiki au tutatembea. Akasema tutembee. Nakumbuka begi lake lilikuwa na gurudumu moja bovu, na baba akalibeba kichwani. Tulipofika njia panda ya kwetu, mama hakukata kona. Akamwambia baba atupeleke kwanza kule.

Makaburi yalikuwa ng'ambo ya mashamba, na la Dezi lilikuwa fupi sana, na msalaba wa mbao ambao baba alikuwa ameupaka rangi mwenyewe. Tulisimama pale watatu. Nilisubiri mama aanguke chini kama nilivyoona wanawake wakifanya misibani, lakini alisimama tu, akalitazama lile tuta kwa urefu wake, kama anayepima nguo.

"Niambie," akamwambia baba. "Anza asubuhi. Usiruke."

Baba, ambaye tangu nirudi kutoka Kasansa alikuwa ametamka maneno ya kuhesabika, aliweka begi chini. Alianza vibaya, akikwama, kisha akaendelea. Alisema Dezi aliamka anataka uji halafu akaukataa. Alisema alimbeba mgongoni kwenda hospitali kwa sababu pikipiki ilimtikisa akalia. Alieleza aina ya kitanda, na mtoto wa kitanda cha jirani aliyempa Dezi gari la makopo akalishika mpaka mwisho. Alisema nani aliosha mwili, nani alichimba, na kwamba mvua ilinyesha kidogo. Mama hakumkatiza. Mimi nilisikia yote na hakuna aliyenifukuza.

"Alisema chochote?" mama akauliza.

Baba alijipangusa uso kwa kiganja. Siku hiyo hakukuwa na unga usoni.

"Jioni yake aliniuliza kama mama ameshafika nchi kavu."

"Ukamwambiaje?"

"Nikamwambia amefika."

Mama akakaa chini kwenye udongo, akanyoosha miguu, akanivuta nikakaa katikati yake.

"Ulimjibu vizuri," akasema.